Jiwe la Jimbo

Shwaa. Kimya kidogo. Shwaa tena.

Kulikuwa bado giza, na mkewe alikuwa ameinama mlangoni akinoa kisu kwenye jiwe bapa walilolikuta pale siku walipohamia nyumba za polisi. Sajenti Khisa alifunga kamba za buti huku akisikiliza. Tangu kesi hii ianze hakuweza kusikia chuma kikisuguliwa kwenye jiwe bila kutaka kuligeuza jiwe hilo aone upande wake wa chini.

Mkewe alikata mkate, akaupaka siagi kila upande, akaufunga kwa kitambaa safi pamoja na chupa ya uji.

"Mpe yule mzee wa selo. Umuulize kama kikohozi kimepungua."

"Mama Murunga, yule ni mshukiwa."

"Mshukiwa pia ana kifua," alisema, akaendelea kufuta kisu.

Mshukiwa mwenyewe alikuwa Gathogo, katekista wa kigango cha Yamumbi, na alikuwa ndani kwa sababu ya jiwe la altare lililopotea mikononi mwake. Khisa alikuwa Mfrendi, wa dhehebu la Kikweka, tangu kuzaliwa. Kanisani kwao kulikuwa na mabenchi na watu, basi. Alichojua ni kile kilichosemwa kituoni: jiwe la mraba, upana wake kama sahani, lenye misalaba mitano iliyochongwa juu, na ndani yake kipande cha mfupa wa shahidi wa zamani. Lilikuwa lipelekwe mjini Eldoret, liwekwe katika altare mpya ya kanisa kuu. Badala yake lilitoweka, na kamati ya shamba ikamleta Gathogo kituoni ikisema ameliuza.

Gathogo hakukana wala hakukubali. Alikohoa tu.

Na leo ilikuwa Ijumaa. Leo savea, mpima ardhi, alikuwa anapima shamba la Yamumbi, lile ambalo watu wa Gathogo walilinunua kwa pamoja kwa mzungu aliyerudi kwao. Kanuni ya chama chao ilijulikana na kila mwanachama: siku ya kupimwa, mwanachama anasimama mwenyewe kwenye kona yake. Asiyesimama, ploti inarudi kwa chama. Gathogo alikuwa ameuza ng'ombe wote na shamba dogo la Nyeri ili aingie katika chama hicho. Hakuwa na pengine pa kurudi.

Kituoni, Khisa alimkuta ameketi ameegemea ukuta, blanketi mabegani. Mzee alikula mkate polepole, akaukunja uliobaki ndani ya kitambaa, akamsogezea mlevi aliyelala pembeni. Khisa aliliona hilo.

Alimuuliza tena yale ya kila siku. Nani mwingine aliingia kanisani? Nani alijua jiwe linahamishwa? Alikuwa na deni? Ugomvi? Gathogo alijibu kwa sauti ya chini kwamba jiwe lilikuwa chini ya ulinzi wake, na hilo linatosha.

"Haitoshi," Khisa alisema. "Savea ameanza kule barabarani. Kufika jioni atakuwa amefika mtoni, na ploti yako ndiyo ya mwisho. Ukinipa jina, utakuwa umesimama pale."

Mzee alifumba macho. Khisa alidhani hatimaye atasema. Kisha kikohozi kikamshika, na kilipomwachilia alisema jambo jingine.

"Sajenti, mkienda tena kanisani, kile kibao mkiache pale pale. Kitambaa kisibonyee Padri akisoma misa."

Khisa alikuwa amefika mlangoni. Alisimama.

"Kibao gani?"

Gathogo alivuta blanketi hadi kidevuni.

*

Kanisa la Yamumbi zamani lilikuwa stoo ya ngano ya yule mzungu. Bado lilinuka magunia. Polisi walikuwa wamelipekua kwa haraka Jumapili. Waliinua kitambaa cheupe, wakaona meza, wakaona hakuna jiwe, wakatoka. Safari hii Khisa alikunja kitambaa mwenyewe na kupapasa katikati ya meza. Pale palipokuwa na jiwe kulikuwa na shimo la mraba lililochimbwa kwenye mbao, na shimo hilo lilikuwa limezibwa. Kibao kilikaa ndani yake sawasawa, bila kuchomoza wala kuzama.

Alikaa kwenye gunia akikitazama. Mwizi huchukua akakimbia. Huyu alichukua, halafu akafikiria meza itakavyobaki.

Pikipiki iliunguruma nje, ikazimika. Aliyeingia alikuwa padri pekee wa eneo lile, mzungu mwenye umri, vumbi hadi kwenye nyusi, ambaye watu walimwita Padri Pikipiki hata usoni pake. Khisa alimwomba amweleze lile jiwe kama mtu anayemweleza mtoto.

Padri aliketi kwenye gunia la pili. Alisema kwamba zamani, Eldoret ilipokuwa bado chini ya Kisumu na haina askofu wake, padri mmoja alizunguka mashamba haya yote na jiwe hilo ndani ya mfuko wa ngozi. Popote alipoliweka, juu ya debe, juu ya trela ya trekta, pale palikuwa altare. Bila jiwe, meza ni meza. Baadaye Eldoret ikawa jimbo, ikapata askofu, na kanisa la mjini likawa kanisa kuu.

"Kwa sababu ni kubwa?"

"Hapana. Hata lingekuwa dogo kama hii stoo. Kiti cha askofu kikikaa ndani, hilo ndilo kanisa kuu. Sasa tunataka jiwe la kwanza liwe ndani ya altare ya huko. Nilitangaza hapa, watu wakapiga makofi."

"Ulitangaza nini hasa?"

Padri alijaribu kukumbuka. Alikuwa ametangaza habari za jimbo kwa jumla. Kwamba jiwe la Yamumbi linakwenda kanisa kuu la jimbo. Kwamba mipaka imebadilika mwaka huu, Turkana imetolewa katika jimbo la Eldoret, sasa ina mkuu wake. Akawaomba wawaombee Waturkana. Hakuona neno la kumfanya mtu aibe.

Hata Khisa hakuliona, wakati huo.

Walikatizwa na Johnstone Wanyoike, mwenyekiti wa chama, mtu wa koti la suti na buti za matope. Alikuwa ametoka kwa savea na alikuwa na haraka. Alimuuliza Sajenti kama anasali siku hizi, au ameshindwa na kesi.

"Nataka kuona nyumba yako, Mwenyekiti," Khisa alisema.

Alikuwa na sababu. Wacera, mke wa Gathogo, alikuwa amemwambia kwamba shemeji yake Johnstone ameitamani ile ploti ya mtoni tangu kura ipigwe. Mtu akitaka kona ya jirani, njia rahisi ni kuhakikisha jirani hayupo siku ya kupimwa.

Nyumbani kwa Johnstone, nyuma ya jiko, kulikuwa na jiwe bapa la mraba, bado limelowa, na panga kando yake. Khisa alipiga magoti, akaligeuza. Chini yake kulikuwa na minyoo na udongo. Hakukuwa na msalaba hata mmoja.

"Hilo ni la kunolea," Johnstone alisema taratibu. "Ukimaliza hapa kuna mengine mtoni. Uje na lori."

Khisa alijipangusa magoti. Alimuuliza kama mke wa Gathogo hawezi kusimama badala ya mumewe. Johnstone alinyoosha mkono kuelekea mtoni. Mbali kule, kwenye ukingo wa mahindi machanga, mtu alikuwa amesimama peke yake katika koti refu la kiume.

"Amesimama pale tangu alfajiri na koti la bwana. Mimi pia namhurumia, Sajenti. Lakini koti si mwanachama. Nikimkubali huyu leo, kesho kila mtu analeta shangazi."

Savea na watu wake walikuwa wameshafika katikati ya shamba. Mnyororo wa kupimia ulimeta, ukavutwa, ukalala tena majanini.

*

Khisa alirudi kanisani karibu akikimbia. Padri alikuwa bado pale, amepiga magoti mbele ya meza tupu. Khisa alikitoa kibao kwa ncha ya kisu, akakipeleka mlangoni penye mwanga.

Hakikuwa kimekatwa kwa msumeno. Kilichongwa kwa tezo, na alama za tezo zilifuatana kama magamba ya samaki, kila moja ndogo na makini. Kilinuka samli. Seremala wa mjini hapaki ubao samli. Alikigeuza. Upande wa chini kulikuwa na vishimo vitatu vilivyoanzwa kuchimbwa, vimekaa kama mafiga.

Vishimo vitatu, miguu mitatu. Kilikuwa kiti cha kienyeji, kikakatizwa kabla ya kupata miguu, kikapunguzwa mzingo wake mpaka kikawa cha mraba.

"Padri, nani hapa anachonga viti vya miguu mitatu?"

Padri hakuhitaji kufikiri. "Mzee Kipyego. Anakaa mtoni, anapakana na Gathogo. Alikuwa mlinzi wa hii stoo tangu wakati wa mzungu. Si Mkristo, lakini Jumapili huja akakaa hapo nje, kwenye kizingiti. Husema anapenda nyimbo."

Khisa akaelewa ukimya wa Gathogo. Mzee wa watu alikuwa ameinua kitambaa, akaona kazi ya mkono anaoujua, akakirudisha. Mnandi ameiba jiwe takatifu la Wakikuyu: maneno hayo yakitoka tu kinywani mwa mtu, vijana wa shamba wangekuwa na kiberiti kwenye paa la Kipyego kabla ya chakula cha usiku. Basi Gathogo akachagua kukohoa.

*

Mzee Kipyego alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akichonga. Pembeni kulikuwa na kibuyu cha maziwa kimefunikwa, na bintiye Jemutai alikuwa anakinyanyua ampelekee Wacera pale alipokuwa amesimama. Alikuwa akimpelekea kila siku, alisema, na jioni humkamulia mbuzi, maana Mama hana mkono wa kusaidia.

Khisa alisubiri aondoke. Kisha akaketi chini, akaweka kibao katikati yao.

"Mzee, umesahau miguu ya kiti chako."

Kipyego alikitazama kwa muda. Vidole vyake vilipita juu ya vile vishimo.

"Hiyo ilikuwa kiti ya mtoto wa Njambi," alisema. "Mjukuu wa Gathogo. Nitamchongea ingine."

"Jiwe liko wapi?"

"Kwanza niambie. Gathogo amekula leo?"

"Amekula."

"Bado anakohoa?"

"Anakohoa sana. Jiwe liko wapi, Mzee?"

Kipyego aliweka tezo chini. Alisema aliona lile jiwe tangu siku za mzungu na anajua ni kitu gani. Lina alama ya msalaba, kama zile alama wanazokata masavea. Ni bikoni, jiwe la mpaka. Tena si bikoni ya shamba. Padri mwenyewe alisema, na yeye alisikia kwa masikio yake pale kizingitini: ni jiwe la jimbo.

Khisa alikuwa Eldoret miaka ya uhuru. Alikumbuka siku zile neno majimbo, kila kabila na eneo lake, lilipokuwa midomoni mwa kila mtu, na wenye maduka wakilala na mizigo imefungwa, wakingoja kuambiwa warudi walikotoka.

"Mzee, jimbo la Padri si lile la serikali. Ni la kanisa. Ni la kusali tu."

"Jimbo ni jimbo," Kipyego alisema kwa subira, kama anayemfundisha kijana. "Kuna mkubwa, kuna mpaka, kuna watu wanaambiwa hawamo. Padri alisema Waturkana wametolewa. Alisema hivyo ama hakusema?"

"Alisema."

"Walianza na Waturkana. Halafu akasema jiwe ya hapa inapelekwa mjini. Nikajiuliza, mpaka ukienda mjini, sisi huku tunabaki wapi? Mimi hawawezi kunitoa, mimi nimezaliwa hapa. Lakini Gathogo? Mke wangu alipokufa, nani alichimba kaburi na mimi? Ndugu zangu walikuwa Moiben, mvua imekata barabara. Ni Gathogo alichimba. Matope mpaka hapa." Aliugusa ubavu wake. "Basi nikachukua jiwe, nikaipeleka ng'ambo ya mto nikaizika. Ndio yeye abaki ndani."

Khisa alikisogeza kile kibao kando. Kisha akauliza swali ambalo lazima polisi aulize.

"Na walipomfunga, kwa nini hukusema?"

"Sikulala hata siku moja, kijana yangu. Lakini nilifikiria hivi. Selo, mtu hutoka. Mtu akitolewa kwa jimbo, harudi."

Khisa alimwonyesha shamba. Alimweleza juu ya kona, na kusimama, na kwamba mwenye ploti asipokuwepo jioni hii ataikosa. Kabla hajamaliza, mzee aliinuka. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kanuni za chama zilizungumzwa katika mkutano, kwa Kikuyu.

"Kwa hivyo mimi ndiye ninamtoa," Kipyego alisema.

Alivuka mto na buti zake. Chini ya mkuyu alichimba kwa tezo yake nzuri, ile asiyoruhusu mtu kuigusa, akaiharibu makali yote kwenye kokoto. Jiwe lilikuwa limefungwa ndani ya shati safi. Padri, aliyekuwa amewafuata, alilifungua, akapitisha kidole gumba juu ya kila msalaba, akapapasa kile kifuniko kidogo cha katikati kinachofunika mfupa. Lilikuwa zima. Alipoambiwa kwa nini lilichukuliwa, aliketi kwenye majani yenye unyevu na kujifunika uso.

"Nilisema mipaka," alisema. "Nilisema neno hilo kwa watu hawa na sikufikiri."

*

Kituoni mambo hayakuwa mepesi. Padri alisema anasamehe, faili lifungwe. Khisa alimweleza kwamba faili la wizi hufungwa na Inspekta, na Inspekta alikuwa mahakamani Kapsabet hadi Jumatatu. Mshukiwa mmoja anaweza kutoka iwapo mwingine amekiri. Hakuna anayeweza kutoka hivi hivi.

"Basi niandike mimi," Kipyego alisema, akavua kofia.

Gathogo alipomwona mlangoni mwa selo, alishika nondo kwa mikono miwili.

"Umekuja kufanya nini? Nimenyamaza siku zote hizi usije ukakaa hapa."

"Toka, jirani. Unanichelewesha."

"Sitoki. Wakisikia ni wewe, watachoma nyumba yako, na Jemutai yuko ndani."

"Jemutai yuko na mke wako kwa kona. Wamesimama wote wawili. Wewe unafikiri watu wawili wanaweza kuwa wewe?" Kipyego alimshika mkono na kumvuta nje kama anavyovutwa ndama mkaidi. "Nenda usimame. Nimeharibu tezo yangu kwa sababu yako."

Gathogo alisimama kwenye korido, blanketi likimwanguka. Kipyego aliliokota, akalikunja, akamwekea begani. Kisha akaingia, akaketi palepale ukutani penye joto la mgongo wa mwenzake. Khisa alifunga kufuli kwa mkono wake. Konstebo angeweza kuifanya kazi hiyo, lakini hakuona vizuri kumwachia.

Landrova ya polisi ilikwenda Yamumbi kwa mwendo ambao dereva hakuwahi kuruhusiwa. Walipofika, mnyororo ulikuwa umeshalala kwenye mstari wa mwisho na Johnstone alikuwa tayari na mwanamume mwingine kando yake. Gathogo alishuka kabla gari halijasimama. Hakuweza kukimbia, alitembea katikati ya mahindi akiwa ameshika kifua, na watu wakampisha. Wacera alivua koti, akamvika. Savea, ambaye hakujua chochote, aliuliza kama huyu ndiye mwenyewe.

Johnstone aliangalia lile koti, na yule binti wa Kinandi aliyeshika kibuyu cha maziwa kando ya Wacera, na Sajenti, na Padri aliyekumbatia jiwe kifuani.

"Ndiye," alisema hatimaye.

Chuma kikapigwa ardhini.

*

Jua lilikuwa likiondoka kwenye dirisha la selo Khisa aliporudi. Alikuwa amepitia nyumbani, na mkewe hakuuliza ni mshukiwa yupi. Alikata mkate, akapaka siagi kila upande.

Kipyego aliupokea kwa mikono miwili. "Amesimama?"

"Amesimama."

"Miguu yake ilikuwa ndani?"

"Yote miwili."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole. Mkate ulikuwa bado mkononi. Nje, vijana wawili wa Yamumbi walikuwa wamefika kwenye uzio wa kituo, wanazungumza na konstebo, wanauliza kama ni kweli mwizi ni yule Mnandi. Khisa aliwasikia. Aliona kwamba Kipyego amewasikia pia.

"Kijana yangu," mzee alisema. "Mwambie Gathogo aje kuniona."

"Nitamwambia."

"Aje mchana. Apite kwa barabara ile kubwa, watu wote wamwone akija." Aliumega mkate, akatazama kile kipande kama asiyejua kitu cha kukifanyia. "Halafu mwambie kesho kutwa aje tena. Wamwone tena."